Imani, matendo na thawabu: Bwana atawalipa nini watu wake?



Kuna fundisho ambalo katika makanisa yetu ya mashariki linaonekana wazi zaidi kwenye kilio kuliko kwenye mahubiri ya Jumapili. Mkristo anayejulikana akilala katika Bwana, watu husimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Alinunua mabati ya kanisa. Aliongoza chama cha akina mama miaka 20. Hakukosa hata siku moja maombi ya asubuhi. Kisha msemaji wa mwisho anamalizia kwamba kwa kazi zote hizo, mbingu haiwezi kumfungia mlango. Watu wanajibu “Amina”, na kwaya inaanza kuimba.

Juma linalofuata tunazika mtu mwingine. Labda ni mama mjane aliyekimbia kijiji chake mara tatu, asiye na bati wala cheo. Labda ni kijana aliyekaa miaka mingi porini na watu wenye silaha, akatubu, na miezi miwili baadaye akafa kwa ugonjwa. Hapo ushuhuda unakuwa mfupi. Wachache wanaosimama hawajui waseme nini. Kimya hicho nacho kinafundisha, na kinachofundishwa hapo si Injili.

Ndiyo maana nataka tuangalie pamoja mambo haya: imani, matendo, na thawabu ambayo Bwana Yesu mwenyewe aliahidi. Wengine kati yetu wanaogopa kutaja thawabu kwa sababu wanadhani ni fundisho la Kikatoliki. Wengine wanaitaja kila Jumapili, hasa saa ya matoleo. Pande zote mbili zinahitaji kurudi kwenye Maandiko.

Maswali mawili yasichanganywe

Swali la kwanza ni hili: mwenye dhambi anakubaliwaje mbele za Mungu? La pili ni lingine: Bwana atawatendea nini watumishi wake atakaporudi? Ugumu mwingi tunaouona unatokea pale jibu la swali la pili linapowekwa kwenye swali la kwanza.

Kwa swali la kwanza, Paulo hakuacha mlango hata mdogo. Katika Waefeso 2:8-9 anasema wokovu ni kwa neema, kwa njia ya imani, ni kipawa, na matendo hayakuuleta, ili pasiwe na mtu wa kujisifu. Katika Warumi sura ya 4 anamchukua Abrahamu kuwa shahidi. Abrahamu alihesabiwa haki lini? Mwanzo 15:6 inasema alimwamini Mungu, na hilo likahesabiwa kwake kuwa haki. Kutahiriwa kulikuja baadaye, katika sura ya 17. Hivyo baba wa waamini alikubaliwa na Mungu akiwa bado hajafanya lile tendo ambalo watu walijivunia kuliko yote.

Jambo hili ndilo lililowasha moto wa Matengenezo. Tarehe 31 Oktoba 1517, Martin Luther, mtawa na mwalimu wa Biblia katika mji wa Wittenberg, alitoa hoja zake 95 juu ya vyeti vya msamaha. Mhubiri aitwaye Johann Tetzel alikuwa akizunguka akivitoa vyeti hivyo kwa wale waliolipa. Watu maskini walitoa pesa ya chakula wakiamini kwamba wanapunguza adhabu yao na ya wazazi wao waliokufa. Luther hakuwa anapigana na sadaka. Alipigana na wazo kwamba rehema ya Mungu ina bei.

Lakini tusome mstari unaofuata. Watu wengi wanaijua Waefeso 2:8-9 kwa moyo, ila wanaishia hapo. Mstari wa 10 unasema tumeumbwa katika Kristo Yesu kwa ajili ya matendo mema, ambayo Mungu aliyatengeneza tangu mwanzo ili tuenende nayo. Matendo hayakufukuzwa. Yamehamishwa tu: yametoka kwenye msingi wa nyumba, yakawekwa ndani, mahali watu wanapoishi.

Yakobo hapigani na Paulo

Hapo watu wengi huniuliza juu ya Yakobo. Sura yake ya 2 inasema imani isiyo na matendo imekufa, na tena inasema Abrahamu alihesabiwa haki kwa matendo. Paulo anasema hapana, Yakobo anasema ndiyo. Tumfuate nani?

Luther mwenyewe aliona ugumu huo. Katika utangulizi wake wa Agano Jipya la mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, kwa kuulinganisha na Warumi na Wagalatia. Lakini hakuuondoa katika Biblia. Tena katika utangulizi wake kwa Warumi, mwaka huohuo, alieleza kwamba imani ya kweli ni kitu hai chenye nguvu, kisichoweza kukaa bila kutenda mema. Ukisoma maneno hayo bila kujua nani aliyeandika, unaweza kudhani ni Yakobo.

Angalieni wanamsoma Abrahamu wapi. Paulo anasimama kwenye Mwanzo 15, usiku ule wa nyota, Abrahamu akiwa na ahadi tu mikononi. Yakobo anasimama kwenye Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, juu ya mlima, kisu kikiwa mkononi na Isaka akiwa juu ya kuni. Paulo anajibu mtu anayeuliza, “Nifanye nini ili Mungu anikubali?” Yakobo anajibu mtu anayesema, “Mimi naamini, inatosha,” huku ndugu yake yuko uchi na ana njaa mlangoni. Kwa mtu huyo Yakobo ana neno kali: hata mashetani wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, na wanatetemeka.

Mfano wa Yakobo wa ndugu asiye na nguo wala chakula cha siku hauhitaji maelezo kwetu. Tangu vita vilipoanza kuhamisha vijiji vizima, kila familia kutoka Ituri mpaka Kivu ya Kusini imempokea mtu namna hiyo, au yenyewe imepokewa. Kumwambia, “Nenda kwa amani, tutakuombea,” na kufunga mlango, ni kitu ambacho Yakobo alikwisha kukiona katika kanisa la kwanza.

Kuna jambo lingine juu ya Abrahamu ambalo Jean Calvin alilionyesha katika kitabu chake cha mafundisho ya dini ya Kikristo, na kwangu ndilo linalofungua mlango wa somo letu la thawabu. Katika Mwanzo 12 na 15 Mungu anamwahidi Abrahamu uzao na baraka kwa mataifa, bure, bila kazi yoyote. Katika Mwanzo 22, baada ya Isaka kuokolewa, Mungu anamwahidi kitu kilekile, ila sasa anasema ni kwa sababu ametii. Zawadi ya kwanza imegeuka kuitwa thawabu. Mungu hakuongeza deni jipya. Alichukua kile alichokwisha kutoa kwa neema, akamheshimu mtumishi wake kwa kukiita malipo.

Neno lenye sura mbili

Katika Agano Jipya la Kiyunani neno linalotumika mara nyingi ni misthos. Ni neno la sokoni na la shambani: ni pesa anayopewa kibarua jioni. Biblia zetu za Kiswahili mara hulitafsiri “ujira”, mara “thawabu”, na ndiyo maana msomaji haoni kwamba ni neno moja. Yesu analitumia anaposema juu ya wanaoudhiwa kwa ajili yake (Mathayo 5:12), juu ya wanaotoa sadaka na kusali mbele ya watu (Mathayo 6), juu ya yule anayempa mmoja wa wadogo hawa kikombe cha maji (Mathayo 10:42), na juu ya vibarua wa shamba la mizabibu (Mathayo 20:8). Paulo naye analitumia katika Warumi 4:4, anaposema kwamba anayefanya kazi hulipwa kwa sababu anadai, si kwa neema.

Sasa je, Mungu anadaiwa? Luka 17:7-10 inajibu: mtumwa akitoka kulima na kuchunga, bwana wake hamshukuru kana kwamba amefanya jambo la ziada. Na sisi tukiisha kufanya yote tuliyoagizwa, tuseme tu watumwa wasio na faida. Lakini katika Injili ileile, Luka 12:37, Yesu anasema jambo ambalo hakuna mtumwa wa wakati ule aliyeliona: bwana akirudi na kuwakuta watumwa wake wanakesha, atajifunga nguo kiunoni, atawaketisha mezani, na yeye mwenyewe atawahudumia. Wale wasio na haki ya kudai hata shukrani wanahudumiwa na Bwana wao. Thawabu ya Biblia inakaa kati ya maneno hayo mawili. Haidaiwi, lakini imeahidiwa. Na Mungu akiahidi, hadanganyi.

Wakolosai 3:24 inasema wazi zaidi. Paulo anawaandikia watumwa, watu ambao kwa sheria ya Warumi walihesabiwa kuwa mali ya mtu na hawakuweza kurithi chochote. Anawaambia kwamba watapokea kutoka kwa Bwana urithi kuwa malipo yao. Malipo hupewa mfanyakazi, urithi hupewa mtoto. Paulo ameyafunga maneno hayo mawili kwa kamba moja, na ameyafunga kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na haki ya moja wala la pili.

Augustino, askofu wa Hippo kaskazini mwa Afrika, aliyefariki mwaka 430, alilieleza zamani: kile ambacho Mungu anakilipa ndani yetu ni kazi aliyoianza yeye mwenyewe. Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka 1563, ambayo makanisa mengi ya Kireformati duniani yanaifundisha hadi leo, inasema hivyo hivyo katika swali la 63: thawabu ipo, ila ni ya neema, haitokani na stahili yetu.

Na jirani zetu Wakatoliki? Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la Januari 1547, ulisema mkristo aliye katika neema anastahili kweli kuongezewa neema na uzima wa milele kwa matendo yake mema. Hapo Waprotestanti walikataa. Lakini ni vizuri washirika wetu wajue kwamba mambo hayakubaki palepale. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani, na si kwa stahili yoyote yetu. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Tofauti bado ziko. Ila mtu anayesema leo kwamba “Wakatoliki hawajui neema” hajasoma. Na mimi naona, niseme ukweli, kwamba vyeti vya Tetzel siku hizi vinauzwa zaidi kwenye baadhi ya mimbari zinazojiita za Kiprotestanti.

Moto wa siku ile

1 Wakorintho 3:10-15 ndipo Paulo anapoeleza kwa urefu. Msingi ni mmoja, Yesu Kristo. Juu yake mmoja anajenga kwa dhahabu, fedha na mawe ya thamani, mwingine kwa miti, nyasi na majani makavu. Siku ile moto utaijaribu kazi ya kila mmoja. Kazi ikibaki, mjenzi anapata thawabu. Ikiungua, anapata hasara, ila yeye mwenyewe anaokolewa, lakini kama mtu aliyepita katikati ya moto.

Wakorintho walijua moto. Mji wao ulibomolewa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo, ukajengwa upya karibu miaka 100 baadaye. Watu wa Goma nao hawahitaji kufundishwa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji, ukapita katika maduka na nyumba, ukaingia ziwani. Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukachoma nyumba upande wa Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Watu walikimbia usiku kuelekea Sake au mpakani, wengine wakiwa na mtoto mgongoni tu. Asubuhi walikuwa hai, lakini hawakuwa na kitu. Hiyo ndiyo picha ya Paulo: mtu mzima, ameokoka, anatazama moshi mahali palipokuwa nyumba yake. (Mfano wangu una mwisho: moto wa volkano haubagui mbao na matofali. Moto wa Bwana unabagua.)

Mambo matatu katika maneno haya hupitwa haraka. Kwanza, hasara inayotajwa ni ya thawabu. Wokovu haukuungua, kwa sababu haukuwa umejengwa na yule mtu. Pili, moto huu unajaribu kazi. Hausafishi roho ya mtu, na kwa hiyo sisi hatuoni hapa toharani ambayo ndugu zetu Wakatoliki wameiona. Tatu, na hili linatugusa wachungaji mbele ya wengine wote: Paulo alikuwa anazungumza juu ya wajenzi wa kanisa, yeye na Apolo na waliokuja baada yao. Kanisa lenye watu 2 000 lililojengwa kwa ugomvi wa kabila, kwa hofu ya uchawi na kwa ahadi za uongo linaweza kuwa nyasi kavu, hata kama ukuta wake ni wa tofali la kuchoma.

Ndiyo, kuna kusimama mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo (2 Wakorintho 5:10). Neno la Kiyunani ni bema. Huko Korintho wachimbaji wa mambo ya kale wameifukua bema ya mji, jukwaa la mawe sokoni ambapo liwali alisikiliza mashitaka. Ndipo Paulo aliposimamishwa mbele ya Galio (Matendo 18:12). Hivyo mkristo asidhani kwamba kuhesabiwa haki kunafuta kutoa hesabu. Atatoa hesabu kama mtoto mbele ya baba, lakini atatoa.

Je, wote watapata sawa?

Swali hili ni la zamani. Katika karne ya 4 huko Roma mtu aitwaye Jovinianus alifundisha kwamba wote waliobatizwa na kuilinda neema yao watapata thawabu moja. Jerome, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alimjibu kwa ukali mwaka 393. Kila mmoja alikuwa na mistari yake, na Biblia inawapa wote wawili kitu.

Mathayo 20: vibarua wa saa kumi na mbili asubuhi na wale wa saa kumi na moja jioni wanapewa dinari moja moja, ujira wa siku nzima. Wale wa kwanza wananung’unika. Luka 19: watumishi wanapewa fungu moja moja la fedha, mmoja analizalisha mara kumi, anapewa miji 10, mwingine mara tano, anapewa miji 5. Mathayo 25: mmoja anapewa talanta 5, mwingine 2. Talanta ilikuwa kama dinari 6 000, karibu kazi ya miaka 20 ya kibarua, kwa hiyo hata talanta moja haikuwa kitu kidogo. Wote wawili wanazalisha mara mbili, na Bwana anawaambia maneno yaleyale, bila kupunguza hata neno kwa yule wa 2.

Mimi nasoma hivi. Dinari ya Mathayo 20 ni uzima wenyewe, ni Bwana mwenyewe. Hauwezi kupewa nusu ya Kristo. Yule kijana aliyetoka porini na kutubu mwishoni anapewa siku nzima, na mzee wa kanisa wa miaka 50 akinung’unika, swali la mwenye shamba litamkuta. Luka 19 inatuambia kwamba uaminifu una uzito na hausahauliwi. Na Mathayo 25 inatuzuia tusipime uaminifu kwa ukubwa wa kitu, kwa sababu hatukupewa sawa tangu mwanzo.

Jonathan Edwards, mhubiri wa Marekani wa karne ya 18, alitumia mfano wa vyombo vya ukubwa mbalimbali vilivyotupwa katika bahari ya furaha: vyote vimejaa, ingawa kimoja kinabeba zaidi. Sisi tuseme bidoni ya lita 20 na ya lita 5 zikizamishwa katika Ziwa Kivu. Hakuna iliyo na nafasi tupu ya kuionea wivu nyingine.

Juu ya taji nitasema kidogo. Katika semina nyingi watu hufundishwa taji tano: isiyoharibika (1 Wakorintho 9:25), ya furaha (1 Wathesalonike 2:19), ya haki (2 Timotheo 4:8), ya uzima (Yakobo 1:12) na ya utukufu (1 Petro 5:4), kana kwamba ni medali tano zenye masharti tofauti. Mgawanyo wa namna hii ulienea sana kupitia walimu waliofuata Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1909. Si vibaya kuzikariri. Lakini mitume walikuwa wanatumia picha moja waliyoijua wote: karibu na Korintho kulikuwa na michezo kila miaka miwili, na mshindi alivikwa taji ya majani iliyonyauka baada ya siku chache. Na mahali tunapowaona waliovikwa taji, Ufunuo 4:10, wazee 24 wanazitupa mbele ya kiti cha enzi.

Mbegu inayouzwa

Hapa ndipo fundisho hili linapoumiza watu wetu. Mhubiri anakuja na semina ya siku tatu. Anasoma Marko 10:29-30, mara mia kwa kila kilichoachwa. Anawaambia watu wapande mbegu: dola 10 zitarudi 1 000. Mama anatoa pesa ya likelemba ambayo si yake peke yake. Baba anatoa pesa ya shule. Semina inafungwa, mgeni anaondoka, na mwezi ukipita bila mavuno mama yule anaambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba.

Kwenye Marko 10:30, kati ya nyumba na mashamba na ndugu, Yesu aliweka neno moja: pamoja na mateso. Husikii likisomwa kwa sauti. Tena aliyekuwa akisikiliza ni Petro, mtu ambaye aliacha nyavu na hakuwahi kuwa tajiri. Nyumba mia alizipata kweli: kila mji alioingia kulikuwa na mlango wa mkristo uliofunguliwa. Wakimbizi wetu waliopokewa na washirika wasiowajua wanaielewa ahadi hiyo kuliko mhubiri wa semina.

Luka 14:12-14 inakwenda kinyume kabisa na biashara ya mbegu. Yesu anasema tuwaalike maskini, vilema na vipofu kwa sababu hawana cha kutulipa, na kwa hiyo tutalipwa katika ufufuo wa wenye haki. Kwa Yesu, tendo lenye thawabu ni lile ambalo halina marejesho hapa. Na katika Mathayo 6, anayetoa kwa baragumu ameshapokea chake chote, hana salio. Nafikiri juu ya orodha za matoleo tunazozisoma kwa sauti kanisani, jina na kiasi. Hesabu iwe wazi kwa wazee na wakaguzi, hilo ni lazima. Lakini majina ya kupigiwa makofi, tunamnyang’anya mtu kitu ambacho Bwana alitaka kumpa mwenyewe.

Wasiokuwa na muda wala kitu

Tarehe 15 Januari 2023 huko Kasindi, bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste wakati wa ibada ya ubatizo. Zaidi ya watu 10 waliuawa. Waliokuwa wamekusanyika walikuja kubatizwa, au kuwashuhudia ndugu zao wakibatizwa. Tuwahesabie miaka mingapi ya utumishi? Ufunuo 2:10 uliandikiwa kanisa la Smirna, kanisa maskini, na taji ya uzima inaahidiwa pale kwa aliye mwaminifu hata kufa. Haikutajwa orodha ya kazi. Na yule mwizi msalabani, ambaye mikono yake ilikuwa imefungwa na hakuweza kufanya tendo lolote zaidi ya kumtetea Yesu kwa maneno machache, alipewa Paradiso siku ileile.

Wengine wana muda, lakini wamepoteza kila kitu. Ninawafikiria akina mama waliokuwa mashemasi vijijini mwao, wakipika kwa ajili ya wageni na kutembelea wagonjwa, na sasa wamelala katika darasa la shule au kwa jamaa, wao wenyewe wakingojea chakula. Wanauliza kama thawabu yao imesimama. Waebrania 6:10 inasema Mungu si dhalimu hata aisahau kazi na upendo waliouonyesha kwa kuwahudumia watakatifu, na walioandikiwa hayo walikuwa watu ambao zamani walinyang’anywa mali zao (Waebrania 10:34). Kilichofanyika hakikuungua pamoja na kijiji. Na Mathayo 10:42 inataja kikombe cha maji ya baridi kwa sababu katika nchi ile ya joto hata asiye na kitu aliweza kwenda kisimani na kurudi. Bwana aliweka mahali pa chini ambapo kila mkono unafika.

Tena katika Mathayo 25:37-39, wale waliomlisha Mfalme hawakumbuki. Wanauliza ni lini walimwona ana njaa. Hawakuweka daftari.

Kwa hiyo, kwenye kilio, tushuhudie matendo ya ndugu zetu kwa furaha. Ufunuo 14:13 inasema matendo yao yanafuatana nao. Yanafuatana nao: hayakuwatangulia kuwafungulia mlango, mlango ulikwisha kufunguliwa na Kristo. Na kwa yule mjane na yule kijana, mchungaji asimame yeye wa kwanza na kusema jina la Bwana aliyewapokea. Akimaliza, kuna nafasi ya kutosha ya kutaja hata kikombe kimoja cha maji.

Na kwa wale ambao wameniuliza kama inafaa kukopa ili kutoa sadaka kubwa na kupata thawabu kubwa: hapana. Paulo, akiwachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliandika kwamba mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Pesa ya likelemba irudi kwa wenzako, na mtoto aende shule.